Mgongo wa Mwana Mpotevu

Baba alifundishwa kuchora na padri mmoja wa zamani, na kanuni aliyorithi haikuwa na mjadala: mwili kwanza, nguo baadaye. Usipoijua mifupa ya mtakatifu, alisema, kanzu yake itakaa kama nguo iliyoanikwa kwenye miiba.

Basi alipopewa ukuta wa kigango chetu cha Runzewe achore mwana mpotevu, alianza kwa mkaa. Mwana akapiga magoti mbele ya baba yake, mgongo kwetu, bila hata uzi mwilini. Mwaka huo kaka yangu alikuwa ametorokea machimbo ya Geita bila kuaga. Sote tulijua anachorwa nani. Kila asubuhi mama alimpelekea baba uji kanisani, kisha akabaki nyuma yake akielekeza.

"Bado. Mpanue mabega. Ng'wana wane, mwanangu huyu, si mwembamba hivyo."

Baba alipanua. Kubishana na mama ilikuwa kujichosha bure.

Jumapili ikafika kabla nguo hazijachorwa. Akina mama wakainamisha macho, vijana wakacheka, katekista akataka ukuta ufutwe siku ileile. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akainuka, akavua khanga ya mabegani, akaitundika kwenye misumari ya picha za zamani iliyobaki ukutani, ikaufunika mgongo ule.

"Katoka mbali huyu," alisema. "Mtoto akirudi unamvika kwanza, kumgombeza baadaye."

Ukuta haukufutwa. Baadaye baba aliichora khanga ileile, pamoja na michoro yake ya korosho nyekundu.

Mama alikufa akiulizia mabasi ya kutoka Geita. Kwa hilo nilimkasirikia kaka miaka mingi, na bado kila niliposikia jina lake niligeuka kutazama.

Mwaka jana alirudi, mvi tele, bega moja limeshuka kwa kubeba viroba vya mawe. Nilimpeleka kanisani. Aliitambua khanga kabla hajajitambua mwenyewe. Akaigusa taratibu, maana rangi imeanza kubanduka.

"Kumbe huyu ni mimi? Mbona mgongo mpana hivi? Mimi nilikuwa kama ufito!"

Nikamwambia mama ndiye aliyekuwa akisema bado, ongeza. Alicheka sana. Kisha akapiga magoti palepale kwenye sakafu, nami nikaona kwamba baba alikosea kila kitu isipokuwa namna kaka anavyoinamisha kichwa.