Maharage Arobaini na Maharage Kumi na Sita

Nakumbuka mchana mmoja wa mwezi wa tatu, nikiwa bado mke mgeni huku milimani Mbinga, baba mkwe wangu aliponikosoa mbele ya ukoo mzima, na badala ya kulia nikajikuta nacheka. Mwanangu, nimeikumbuka hadithi hiyo kwa sababu jana nilikusikia ukilalamika kwamba kubadili sehemu kuwa asilimia ni kuwatesa watoto wa watu. Sogea basi. Uji ukipoa tutaupasha.

Mimi ni wa Chiwanda, ziwani. Nimekulia kwenye muhogo na samaki, kupanda maharage nimejifunzia ukubwani. Aliyenifundisha ni mke wa Beatus, na Beatus ni kaka mkubwa wa mume wangu Alanus. Huku shamba ni mteremko, na mteremko hulimwa kwa ngolo: wanaume wanakata nyasi na kuzilaza katika miraba, sisi wanawake tunachimba katikati ya kila mraba, tunazifukia nyasi kwa ule udongo, na juu yake tunapanda. Ukimaliza, mlima mzima umejaa mashimo yanayokamata maji ya mvua. Siku ya kwanza miraba yangu ilipinda hadi mke wa Beatus akakaa chini kwa kicheko. Alipotulia akanishika mikono, jembe likiwa katikati yetu, akanionyesha upya. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Jambo jingine nililolikuta huku ni sengu. Ukoo wote unakula pamoja kwa mzee wa ukoo, kila mke analeta alichopika, na mkishashiba mambo ya familia yanazungumzwa hapo hapo. Kwetu ziwani tulikuwa tunakula pamoja pia, lakini si kwa heshima kubwa namna ile. Mtu akiacha kuja na sahani yake kwenye sengu, ujue nyumba imepata ufa.

Mwaka ule soko huria lilikuwa limeshafika. Duka la ushirika lilifungwa, na wafanyabiashara wakaanza kushusha mbegu pale Kitai, kwenye mifuko inayong'aa. Beatus alipenda vitu vipya, akanunua. Alanus akasema hataki kusikia, mbegu ya mama yao iliyohifadhiwa kwenye majivu inatosha. Ili kumaliza ubishi, kila mmoja akajaribu mbegu zake kwa kuzifunga kwenye gunia lililoloweshwa, aone zitaota ngapi. Alanus, mtu wa kiasi, alifunga ishirini. Beatus hajui kufanya kitu kidogo, akafunga hamsini.

Zilipoota, ndipo moto ulipowaka. Beatus alisema zake zimeota arobaini, na za mdogo wake kumi na sita tu, hivyo hakuna la kujadili. Alanus akajibu kwamba zake zimekufa nne tu, na za kaka yake kumi, hivyo kweli hakuna la kujadili. Na wote wawili, mwanangu, walikuwa wanasema kweli. Hakuna ugomvi mgumu kama huo. Beatus aliondoka amenuna, na kesho yake sahani yake haikuonekana kwenye sengu, wala ya mkewe. Akatuma neno kwamba atalima upande wake na kula kwake.

Nilishtuka kuliko wote. Nyasi zilikuwa zimeshalazwa mlima mzima, na ngolo zikichimbwa nusu, maji ya juu yanashuka na kubomoa za chini. Lakini kusema kweli si mlima ulioniumiza. Mke wa Beatus alipita karibu na mlango wangu, akanisalimia kama mtu wa njiani. Nililala nikijiuliza nitaishije huku bila yeye.

Baba mkwe akawaita wote mchana uliofuata. Beatus alikuja, ila mikono mitupu. Mzee akanigeukia mimi, akasema kwamba huyu mke mgeni amesoma, na kwao si Kitai wala kwenye majivu ya mama, basi aseme mbegu ipi ni bora.

Nilifurahi, mwanangu! Hesabu nilikuwa naiweza. Nikasimama, nikapiga goti kidogo, nikaanza kumimina: kumi na sita juu ya ishirini, kiasi gawanya kwa asili, zidisha kwa mia, weka alama ya asilimia. Nikaenda mbio hadi mwisho bila kupumua, nikaketi nikisubiri kupongezwa.

Mama mkwe alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa.

"Binti yangu," baba mkwe akasema, "hiyo uliyosema ni sala ya Kilatini. Tutaitikia amina, lakini hatujui tumeomba nini. Hawa wanataka kuacha kula pamoja. Waonyeshe kwa maharage."

Uso uliniwaka moto. Kisha nikaona amesema kweli, na kicheko kikanitoka, maana hata mimi nilikuwa nimeikariri ile kanuni bila kujiuliza inafanya nini. Nikaomba ungo wa maharage na mahindi, nikatandika mkeka uani.

Nikawaambia hivi. Alanus amepima kwa kikombe kidogo, Beatus kwa kikombe kikubwa, kisha wanabishana nani amepata kingi. Tuwape kipimo kimoja, yaani mia. Harage likawa mbegu iliyoota, hindi likawa iliyokufa. Nikaweka fungu la Alanus: maharage kumi na sita, mahindi manne. Hilo ni ishirini. Nikamwuliza mama mkwe mafungu ya namna hiyo yafike mangapi ndipo tupate mia. Akahesabu kwa vidole, akasema matano. Basi tukaongeza mengine manne yanayofanana nalo.

Nikaenda upande wa Beatus: maharage arobaini, mahindi kumi. Hamsini. Huyu alihitaji mafungu mawili tu. Mke wa Beatus, ambaye hakuwa amenitazama tangu afike, alipiga magoti kando yangu na kulipanga la pili mwenyewe, kwa mistari iliyonyooka, unaelewa alikuwa ananitania kwa ile miraba yangu iliyopinda.

Tukahesabu kwa sauti, wanawake huku na wanaume kule. Maharage ya Alanus yakafika themanini. Ya Beatus yakapita hamsini, sitini, sabini, na watu wakaanza kupunguza sauti. Yakaishia themanini.

Beatus akaomba yahesabiwe tena. Yakahesabiwa. Themanini kwa themanini, hata harage moja halikuzidi.

"Haya," baba mkwe akasema, "gombaneni tena."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, akafuatiwa na Alanus. Beatus hakucheka. Aliinuka, akatoka uani, tukavunjika moyo. Mkewe alibaki ameshika hindi mkononi. Tulisikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa, halafu ukifungwa, kisha tukamwona anarudi, sahani mkononi, akaiweka mbele ya mama yake na kuuliza kama kuna kitu cha kula.

Mwaka ule tulipanda mbegu zote mbili, na wakati wa kula hakuna aliyezitambua chunguni.

Sasa sikia ninachokushauri. Mtu akikutajia hesabu yoyote, mwulize kwanza ni kati ya ngapi, kabla hujafurahi na kabla hujakasirika. Kisha fikisha vyote kwenye mia ndipo ulinganishe. Asili, yaani namba ya chini, ikiingia kwenye mia bila kubaki, kama ishirini au hamsini, zidisha juu na chini kwa namba ile ile. Isipoingia, kama nane au thelathini, usihangaike na mafungu: gawanya kiasi kwa asili, zidisha kwa mia. Tatu kati ya nane itakupa thelathini na saba na nusu. Simu yako itakufanyia hayo upesi, lakini simu haitakaa kwenye mkeka kuwaeleza ndugu wawili walionuniana. Hiyo kazi ni yako, na ukiifanya, ifanye polepole mpaka wa mwisho aelewe.

Mungu akupe akili nyepesi na ulimi wa subira. Akujalie ndugu wengi wa kubishana nao, na ubishi ukiisha, wote wawe bado wanakula kwako.