Nguzo Zilizokaa Ovyo

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikikuta kikombe changu kimesogezwa mezani, najiuliza nani na kwa nini. Basi nilipoujaribu mchoro wangu kwenye kompyuta nikaona madoa manne ya mwanga, damu ilinichemka.

Katika maabara yetu ndogo hapa Kigali tulikuwa tunabuni lenzi bapa: kioo kilichofunikwa kwa nguzo ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Unene wa kila nguzo ndio unaoelekeza mwanga. Mahali pa kuziweka tuliiachia kompyuta ibahatishe, kwa sababu nguzo zikikaa kwa mistari, mwanga hutorokea pembeni na kufanya madoa. Zikitawanyika, madoa hufifia. Mchoro wangu ulikuwa safi wiki iliyotangulia. Sasa mtu alikuwa amezipanga nguzo zake kwa mistari.

Kesho yake ulitakiwa kwenda kiwandani ng'ambo, na zamu yetu ilikuwa hiyo moja tu. Mkuu wetu alifoka, "Nitafutie aliyeugusa. Leo leo anaondoka!"

Tulioweza kufungua faili hilo tulikuwa wawili: mimi, na dada mmoja aliyekulia Bujumbura, mchoraji wa faili za kiwanda, ambaye bado alikuwa kwenye kipindi cha majaribio ya kazi. Mimi nilikulia Mwanza na Kinyarwanda changu ni kibovu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Siku hizo alikuwa akibaki ofisini wenzake wakishaondoka. Alikuwa akiongea kwenye simu kwa Kirundi, na nikipita anashusha sauti. Nikajua tu ametumwa kutuharibia. Hata chai aliyoniletea asubuhi ile niliinusa kwanza.

Nilimkabili kwenye ngazi. "Dada, mchoro wangu umeufanya nini?"

Akatabasamu, na hilo likazidi kuniudhi. "Nimeutengeneza, kaka. Nimebaki hapa jioni zote, watoto kule nyumbani Batsinda wanalala bila kuniona. Kazi ni kuwabembeleza kwa simu."

"Nani amekutuma?"

"Si wewe? Ulisimama nyuma ya kiti changu ukasema, 'Tazama, nguzo ziko ovyo kabisa.' Niliona haya. Zingine iko karibu-karibu, zingine iko mbali. Nikazinyoosha."

Nilisema hivyo kweli, tena kwa majivuno. Kwangu mimi ovyo ilikuwa sifa: bila mpangilio, kama tulivyotaka. Yeye alisikia kazi mbaya, aibu. Na katika mji ambao kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka wote kufagia na kuzibua mitaro, nani ataambiwa kazi yake ni ovyo akae ametulia?

Nilipanda kwa mkuu nikamwambia kosa limetokana na maneno yangu, na kwamba nakala ya zamani ninayo. Alininung'unikia, lakini hakumfukuza mtu. Nilishuka nikiwa mwepesi, nikamweleza yule dada kila kitu, hata lile la kutumwa, nikicheka. Nilidhani naye atacheka.

Hakucheka. "Kumbe ulikuwa unanifikiria hivyo," alisema.

Nikavuta kiti mezani pake ili nirudishe nguzo zilivyokuwa. Kompyuta iliponiuliza nenosiri, alinyanyuka, akageukia ukutani, akanipa mgongo mpaka nilipomaliza kuandika.