Uma za kuazima

Mlio wa uma ukianguka kwenye simenti asubuhi ya leo bado uko masikioni mwangu.

Wenzangu, mnajua nimeomba serikali ya Wabelgiji inilipie doktora ya botania kule Ubelgiji. Lisansi, digrii yangu ya kwanza, peke yake haitoshi. Kwanza wanakuja nyumbani kuangalia kama mnaishi kizungu.

Kwa hiyo mama aliazima uma kwa majirani.

Mzungu wa serikali akaja. Akafunua masufuria. Akafungua kabati. Akachungulia hadi chooni!

Mama, aliyekuwa akipangusa uma, akauangusha.

Mzungu akageuka. "Na huyu ni nani?"

Kabla sijajibu, mama akainamisha kichwa. "Mimi njo mutumishi wa hapa, Bwana."

Mama yangu. Aliyeuza mikate gari la moshi likifika, ili mimi nisome.

Mzungu akatabasamu, akaandika. Ningenyamaza tu, ningekwenda Ubelgiji.



"Bwana, huyu njo mama yangu. Tunakula na mikono. Uma ni za majirani."

Kalamu ikasimama. Akakunja karatasi zake, akatoka bila kuaga.

Mama akanipiga begani. "We mutoto! Nilikuwa nimeisha kukuvusha!"

Ninyi mngesema nini pale? Niambieni kweli.

Uma nimezirudisha. Ile kazi ya kufundisha kule Lubutu niliyoikataa, mchana huu nimeikubali. Nitajiwekea akiba, niende doktora kwa mshahara wangu.

Mama bado ana hasira nami. Hajui kwamba kwenye lori la kesho la Lubutu nimekwisha kulipia nafasi mbili.