Viatu Wanavulia Wapi?

Naikumbuka siku ile niliyomcheka Mzee Likwena mbele ya mafundi wenzake, na mpaka leo nikiifikiria uso unaniwaka. Kaa hapa, mwanangu. Hiyo tableti iweke kando kwanza. Michoro yako nimeiona, mizuri, Mungu akuzidishie. Ila jana ulinisimulia jambo huku unacheka, na mie shangazi yako sikucheka. Nataka ujue kwa nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, tunakaa Temeke. Baba, babu yako huyo, alikuwa karani, na alinipeleka nikasomee uhazili, kazi ya kupiga taipu ofisini. Nikaacha katikati, nikaanza kuchora vibao vya saluni na vya mama lishe. Nyumbani hapakaliki! Ndipo akatokea bwana mmoja, Festo, mtengeneza filamu za video, akapenda mkono wangu. Alikuwa na hadithi ya watu wa Temeke wa miaka mia mbili ijayo: familia moja, watu saba, wanahama dunia kwenda kuishi kwenye nyota nyingine. Kazi yangu ikawa kuchora kila kitu kabla hakijatengenezwa, yaani chombo chao cha angani, vyumba vyake, mavazi, mpaka vikombe vya chai. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa. Ikikushinda hiyo, unarudi kwenye taipu, na habari ya rangi sitaki kuisikia tena ndani ya nyumba hii."

Kwa hiyo nilichora kwa hofu. Nikaazima kanda za filamu za nje, nikazitazama mpaka macho yakauma, nikachora vilevile nilivyoona: kuta nyeupe zinazong'aa, mlango wa kuteleza, na watu wote mabuti ya rangi ya fedha mpaka karibu na magoti. Hayo mabuti, nikwambie tu, yalikuwa mabuti ya mvua tuliyoyapaka rangi. Lakini nilijiona mie ndiyo mie.

Wa kukijenga chombo alikuwa Mzee Likwena, fundi bati wa Chang'ombe, mtu wa Nachingwea, mpole mno. Kazi zake zilikuwa masanduku ya wanafunzi, majiko na mifereji ya mvua. Nikampelekea michoro yangu. Akaifuta mikono kwenye suruali kwanza ndipo akaishika karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Binti, hawa watu ni wa wapi?"

"Wa hapahapa Temeke, Mzee."

"Viatu wanavulia wapi?"

Eh! Nilicheka mie, mwanangu, nikashika mbavu. Nikamwambia, "Mzee wangu, hicho ni chombo cha angani, si msikiti!" Mafundi wote wakaangua kicheko. Yeye akasema, "Haya," akachukua nyundo yake, akaendelea kugonga. Akanijengea kila kitu kama nilivyochora, bila kupunguza hata inchi.

Siku ya kwanza ya kupiga picha tulikuwa kwenye ghala moja la Mikocheni. Chombo kimesimama, kinang'aa, watu wanakizunguka wanakisifu, na mie kichwa kimeshavimba. Aliyeigiza bibi wa ile familia alikuwa Bi Mwantumu, mtu mzima kweli, wala hakuhitaji kupakwa mvi. Festo akaamuru kamera ianze. Familia ikaja, wakapanda ngazi mmoja mmoja. Bi Mwantumu akafika mlangoni, akasimama, akajishika ukutani, akaanza kuvua buti.

"Kata!" Festo akamweleza taratibu, bibi unaingia moja kwa moja. Akaitika vizuri. Wakarudia. Alipofika mlangoni akaketi kwenye ngazi kabisa, akavuta buti la kwanza, akavuta la pili, akayapanga pembeni. Mara ya tatu ikawa yaleyale. Festo akapandisha sauti, na yule mama akaja juu naye: "Mwanangu, naingiaje ndani kwa watu na mabuti? Mie mtu mzima! Mguu wenyewe unakataa!"

Watu wakacheka. Festo hakucheka. Alinigeukia mie. "Dada, humu wanakaa akina nani?" Nikasema, ile familia. "Familia ipi? Mama huyu ni wa Temeke, amekuja na tabia zake. Wewe hicho chombo umemjengea nani?" Akatangaza kazi imesimama. Akaniambia nije kesho asubuhi na jibu, la sivyo atatafuta mchoraji mwingine.

Nilitoka pale. Nilichokuwa nakiona mbele yangu ni taipu tu. Alasiri ile nikaenda Chang'ombe, nikamkuta Mzee Likwena anakunja mdomo wa karai. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida, akanisogezea kigoda. Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye kuomba radhi nikalia tu.

Akaniacha nilie. Kisha akasema, na haya ndiyo maneno niliyokaa nayo miaka yote hii: "Hukunikosea mie, binti. Kuchekwa nimezoea. Umewakosea hao uliowachora. Umewapa nyumba, na hukuwauliza wanaishije."

Akaingia ndani, akatoka na kitu amekifunika kwa gunia. Lilikuwa shubaka la bati, la kutundika ukutani. Amelitengeneza kwa madebe ya mafuta ya kupikia, kingo zote kazikunja zisimkate mtu, na lina vijumba saba vya viatu. Saba, mwanangu! Nilimtajia mara moja tu kwamba watu ni saba, na akashika.

"Ulilitengeneza lini?"

"Siku ileile uliponicheka. Nikasema ukirudi, chako hiki. Usiporudi, mke wangu ataweka vikombe."

Kesho yake asubuhi nikampelekea Festo lile shubaka, ndilo jibu langu, naye akaamuru lifungwe ndani tu ya mlango wa chombo. Mabuti tukayatupa. Kila mwigizaji akaja na kandambili au makubadhi yake ya nyumbani, akaingia, akaweka kwenye kijumba chake, akapita peku. Bi Mwantumu hakukosea hata mara moja. Na kile chombo, mwanangu, kwa mara ya kwanza kilikuwa na wenyewe.

Mwisho wa hadithi ile ni kwamba yule bibi anaghairi kusafiri. Festo alikuwa amemwandikia maneno marefu ya kuaga, kurasa mbili nzima. Ilipofika zamu yake, Bi Mwantumu akawakumbatia wajukuu, akaenda kwenye shubaka, akatoa kandambili zake, akazivaa polepole, akashuka. Maneno yote kayasahau. Mpiga picha naye akaiacha kamera ikilitazama lile shubaka: viatu vya watu sita, na kijumba kimoja kitupu. Festo akazichana zile kurasa palepale.

Tulionyesha filamu Jumapili mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Temeke, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mzee Likwena alikaa mbele na mkewe, na viatu alikuwa amevivua, ameviweka chini ya kiti. Baba alikaa nyuma, mikono amefunga, kama aliyeletwa kwa nguvu. Ilipofika picha ya kile kijumba kitupu, nikasikia mtu mzima analia. Nikageuka, ni baba. Mama yake alibaki kijijini yeye alipokuja Dar kutafuta kazi, akafia huko asimwone tena. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, na sikumwona tena baadaye. Taipu hakuitaja mpaka anaingia kaburini.

Mzee Likwena nilipomfuata kumshukuru, unajua alisema nini? "Kijumba cha tatu nilikikunja vibaya, kimeonekana." Basi, hilo tu!

Sasa turudi kwako, huko ofisini unakochora, Mikocheni. Umeniambia yule mama wa usafi alisimama nyuma ya kiti chako, akatazama ule mji wa miaka ijayo uliouchora, maghorofa yanagusa mawingu, akakuuliza, "Nguo wanaanika wapi?" Na wewe ukamcheka, wenzako nao wakacheka, na yeye akasema "Haya," akaendelea kudeki. Ulivyoitamka hiyo "haya" jana, mwanangu, nilimsikia Mzee Likwena.

Kesho ukifika, usiwashe kompyuta kwanza. Mtafute. Amemzidi mama yako umri, mwamkie, umwombe radhi, halafu umwonyeshe mchoro upya na umwache aseme mpaka amalize. Ukichora watu wa kesho, wape pa kuvua viatu, pa kuanika nguo, na pa kumlaza mgonjwa. Hayo usiyatafute kwenye filamu za watu, waulize wanaoyafanya kila siku. Na mkubwa akikuuliza swali ukaliona dogo, lijibu. Mie nilipata bahati, niliyemcheka alikuwa na moyo wa kunitengenezea shubaka. Si kila mtu atakutengenezea.

Mungu aushike mkono wako, mwanangu. Akupe macho ya kuwaona watu kabla hujawachora. Na kila mlango utakaouchora, akujalie wenyewe waingie wakiwa peku, wajione wako kwao. Haya, nenda. Viatu vyako viko pale mlangoni.