Mgeni Niliyemkalisha Katikati ya Mtandao

Leo nimemhamisha mtu kutoka Mamba hadi Mishamo bila kumuuliza.

Hapa chuoni Mpanda, mimi na mwenzangu Wande tulipewa zoezi la maabara: tugawe anwani za mtandao kwa vijiji vya kwetu Mishamo na kimoja cha kwao Mamba.

Nikapanga mimi. Na kwetu mnajua, mgeni hakai mlangoni. Nikaiweka Mamba katikati ya orodha ya anwani, vijiji vyetu huku na huku.

Nikajiona muungwana kabisa.

Ikaja hatua ya kufupisha njia. Badala ya kuiandikia ruta, kile kifaa kinachoelekeza ujumbe, kijiji kimoja kimoja, unaipa mstari mmoja tu: kuanzia anwani hii mpaka ile, peleka Mishamo.

Mamba ikiwa humo humo.

Mwalimu kasimama nyuma yetu na maksi zake. Wande anaita kompyuta ya kwao Mamba, haiitikii. Kila anachotuma kinaishia Mishamo.

Nikaeleza habari ya mgeni. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani, halafu akasema turudie kesho.

Wande akanigeukia taratibu. "Dada, ukarimu nimeuona. Sasa nyumbani narudije?"

Kesho namkalisha mlangoni.

Nyie mnaomjua mama yangu, naomba asisikie.