Tulipohamishia Mishale kwa Mama Kerubo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, umande ukiwa haujakauka kwenye majani ya chai, nilipomkuta jirani yetu Mama Kerubo amesimama upande wake wa ua. Alikuwa ameushika mshale wangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, maana kelele ningeweza kuijibu.

"Kiprono," aliniuliza, "hii ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Basi chukua."

Akaupenyeza kwenye tundu la ua, akageuka, akaenda zake. Nami nikaukagua mshale kuona kama manyoya yake yamepinda, nikaona yako salama, nikarudi kulenga. Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku hizo.

Shule niliiacha darasa la sita. Akili nilikuwa nazo, nilichokosa ni kutulia. Nilichuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, nikabeba magunia ya viazi sokoni Longisa, nikakaa kwa fundi mmoja wa redio nikimuuliza maswali mpaka akanifukuza ili apate kufanya kazi. Kila kitu nilitaka kujua kinaendaje. Katikati ya miaka ya tisini nilirudi nyumbani, kwenye kile kilima kilicho juu ya soko la Chepilat, nikakaa kwa baba yangu mdogo aliyekuwa na chai kidogo, mahindi kidogo na ng'ombe wa maziwa. Ndani ya nyumba yake nikaukuta upinde wa babu umetundikwa ukutani, na maswali yakaanza upya. Kwa nini mshale wenye manyoya matatu huenda wima na wenye mawili huyumba? Kwa nini uzi wa upinde hulia sauti moja asubuhi na nyingine jua likishapanda?

Nikajaza gunia mabua ya mahindi, nikalichora duara la chokaa, nikalisimamisha chini kabisa ya shamba, karibu na ua wa Mama Kerubo, kwa sababu ndipo palipokuwa tambarare. Rafiki yangu Langat akaja kutazama, akabaki. Wakaja na wengine. Kila asubuhi tukishapeleka maziwa tulikuwa hapo, tukilenga, tukibishana, tukichekana. Tulikuwa hodari, sitajifanya mnyenyekevu katika hilo, ingawa Langat alikuwa akikosa gunia zima na kusingizia upepo. Shamba lilikuwa letu, gunia letu, mishale yetu. Nani angetuambia nini?

Mama Kerubo alikuwa mjane, Mgusii. Yeye na marehemu mumewe, aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai, walilinunua shamba lao zamani, kabla mimi sijazaliwa. Miaka michache kabla ya hayo ninayokusimulia kulikuwa na vurugu kwenye mpaka wetu na Wagusii. Watu walikimbia, wa upande wao na wa upande wetu, mishale ikaruka, na nyumba zikaungua. Mimi nilikuwa mbali, Kericho, nikasikia habari tu. Yeye alikuwa hapa. Alikimbia, akarudi, akajenga tena juu ya msingi uleule.

Baada ya asubuhi ile ya mshale nilianza kuona jambo la ajabu. Mistari yake ya chai iliyokuwa karibu na ua haikuchumwa. Nawe unaijua chai: unachukua majani mawili na kichomozo, na ukiiacha muda kidogo inapanda na kukomaa, na karani wa kituo cha kununulia anaimwaga mbele yako. Ile mistari ilipanda mpaka ikanifika kifuani.

"Mama amekuwa mvivu," nikamwambia Langat.

"Labda ametajirika," Langat akasema.

Tukacheka. Hata leo kicheko kile sikipendi.

Siku moja mama yangu mdogo, mke wa baba mdogo, alirudi kutoka kituo cha chai, akatua kikapu chake mlangoni kwa kishindo.

"Kuna mtu wa kofia anapima shamba ya Mama Kerubo kwa miguu," alisema. "Mama anauza."

"Anauza kwa nini?"

"Wewe ndiyo unaniuliza mimi?" Alinikazia macho. "Amesema amepata ujumbe. Vijana wa huku wanafanya mazoezi ya mishale kila asubuhi kwa ua yake. Sasa wewe weri, wewe kijana, unafikiri huyo mama anajua mnacheza?"

Uji wangu ulipoa kikombeni. Nilikwenda kumwambia Langat. Yeye alikuwa akichonga mshale na hakuinua uso.

"Kwani shamba si ni yenu? Kama ana shida, aende kwa chifu."

Alikuwa na haki, mwanangu. Kama ni mambo ya mpaka, tulikuwa ndani ya mpaka wetu. Lakini nilishakueleza mimi ni mtu wa kutaka kujua, na lile neno *ujumbe* lilinikaa. Nilitaka kujua jinsi mchezo wetu unavyosikika ukiwa upande wa pili. Basi nikamwambia Langat asubiri mbinja yangu, nikazunguka kwa barabara mpaka langoni kwake, nikapiga hodi, na alipotoka nikamwomba jambo ambalo nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwomba.

"Mama, naomba nisimame kwa chai yako hapo karibu na ua, nichume, na Langat apige mishale kama kawaida."

Alinitazama kama anayetafuta mahali homa ilipoanzia.

"Umetumwa na nani?"

"Nimejituma."

Akanirushia kikapu. "Haya. Chuma."

Niliinama kwenye ile chai iliyokuwa msitu, mgongo wangu ukielekea ua, na nikampigia Langat mbinja aanze. Nikasikia uzi ukilia. Nikasikia kitu kikipasua hewa. Kisha *pu*, kwenye gunia. Mwanangu, mpigaji nilimjua, mshale nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe, na gunia nililijaza kwa mikono yangu. Hata hivyo mkono wangu ulishika tawi la chai badala ya jani. Mshale wa pili ulipolia niligeuka. Wa tatu pia. Mtu hawezi kuchuma chai huku anatazama nyuma. Kikapu changu kilikuwa na majani ya kufunika kiganja tu.

"Na wewe unajua ni Langat," Mama Kerubo alisema polepole. "Mimi nitajuaje ni nani?"

Nikamwambia leo hii nitalitoa lile gunia, hatutapiga tena hapo.

"Mtaenda kupigia wapi?"

"Sijui. Huko nyuma ya boma yetu."

"Huko sioni," akasema. Akajifunga leso upya kiunoni, akaanza kuteremka shambani. "Kuja."

Chini ya shamba lake kulikuwa na shimo kubwa la maramu, ule udongo mwekundu wa mawe unaomwagwa barabarani. Walikuwa wamechimba miaka mingi nyuma wakaacha ukingo uliosimama wima, mrefu kuliko nyumba, na nyuma yake kilima kitupu. Akauonyesha kwa kidole.

"Mshale ikikosa hapa inaenda wapi?"

"Inaingia kwa udongo, mama."

"Basi lete gunia yako hapa."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Hapa? Kwako?"

"Kwangu. Mcheze mbele ya macho yangu, niwajue mmoja mmoja. Kitu ninaona haiwezi kunifukuza. Ile siioni ndiyo imeniletea mtu wa kofia." Kisha akainua kidole kingine. "Lakini mtapita kwa geti, si kwa ua. Mtanisalimia. Hakuna kugusa upinde kabla chai yangu haijachumwa na imeenda. Na hiyo msitu mmeniletea huko juu, mtaitoa kwanza."

Kumshawishi Langat ilikuwa kazi.

"Yaani mimi mwanamume mzima nikachume chai ya mama wa watu kwa sababu ya gunia?"

"Gunia ambayo hujawahi kuigusa," nikamwambia.

Wenzetu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Langat akatukana kidogo, akashika panga, akatangulia mbele yetu sote. Tulikata ile chai iliyopanda, tukaisawazisha mpaka juu ikawa bapa kama meza, na Mama Kerubo akipita nyuma yetu akikagua.

"Langat! Hiyo ni chai, si mkia ya ng'ombe. Usivute!"

"Mama, hii mikono haijazoea."

"Itazoea. Hata gunia utazoea kuipata siku moja."

Kufikia jioni alikuwa anatuita kwa majina. Nasi tulikuwa tunajua kwamba anapenda kuimba akichuma, jambo ambalo kwa miezi mingi hakuna aliyelisikia ng'ambo ya ua.

Mumewe alikuwa refa wa timu ya mpira ya kiwandani, na filimbi yake ilikuwa bado ipo. Mama Kerubo akaivaa shingoni. Filimbi moja, tunapiga. Filimbi mbili, pinde zote chini, ndipo mtu anakwenda kung'oa mishale. Atakayepiga kabla ya filimbi anarudi nyumbani, na asionekane mpaka wiki nyingine. Wa kwanza kurudishwa nyumbani nilikuwa mimi, na aliyenisindikiza mpaka langoni akiimba ni Langat.

Sifa zikaenea. Vijana wa Sigor, kule Chepalungu, waliosifika kwa kulenga, wakatuma salamu kwamba wangependa kuja kutufundisha. Tukawaambia karibuni. Walikuja siku ya pili baada ya Krismasi, na watu wakajaa pande zote mbili za shimo: wetu kutoka kilimani, na Wagusii kutoka ng'ambo ya Chepilat, wakiwemo ndugu za Mama Kerubo ambao walikuwa hawajakanyaga kilima chetu tangu zile vurugu. Baba yangu mdogo alikaa karibu na shemeji yake Mama Kerubo, wakaanza kwa kutazamana, wakaishia kubishana kuhusu dawa ya kupe.

Kiongozi wa Sigor, jamaa mrefu kama nguzo ya stima, akaangalia huku na huku.

"Refa wenu yuko wapi? Ama ni huyu mama wa leso?"

Mama Kerubo akamsogelea, akapuliza filimbi karibu na sikio lake. Jamaa akaruka. Umati ukaanguka kwa kicheko, na kuanzia hapo Sigor wakaheshimu filimbi kuliko sisi.

Walikuwa wazuri, sitawanyima haki yao. Waliwatoa wenzetu mmoja baada ya mwingine. Mimi mwenyewe nilipiga ukingoni mwa duara na yule mrefu akapiga ndani zaidi. Akabaki Langat, na mshale mmoja. Nilimwona akilamba kidole kupima upepo, kisha akakifuta kwenye suruali, kana kwamba ameamua upepo usihusike leo. Filimbi ikalia. Mshale ukaenda, na chokaa ya katikati ikaruka kama unga.

Wanawake walipiga vigelegele, wa kwetu na wa kwao, na usingeweza kutenganisha vya nani ni vipi. Langat alibebwa juu juu akipiga kelele kwamba alishasema yeye ni upepo tu ulikuwa unamsumbua.

Katikati ya shangwe ile ndipo yule mtu wa kofia alipofika. Akapenya mpaka kwa Mama Kerubo.

"Mama, si tulikubaliana nije leo tumalize ile maneno ya shamba?"

Nilisimama palepale. Kumbe alikuwa hajamkatalia! Muda wote ule tuliokuwa tukichuma na kulenga kwake, alikuwa bado anatupima.

Mama Kerubo akaitoa filimbi mdomoni, akaifuta kwa leso.

"Shamba gani?"

"Mama! Si ulisema unaogopa hawa vijana?"

"Niliogopa kama siwajui. Sasa nawajua. Huyu Kiprono anauliza maswali mpaka ng'ombe inachoka. Huyu mrefu ametoka Sigor kuja kushindwa. Na huyu yuko juu ya mabega ya watu ni Langat, hajui kuchuma chai mpaka leo. Nikiuza, nani atawapigia filimbi?" Akamvutia kiti. "Keti, baba. Umetoka mbali. Kunywa soda, halafu tafuta shamba kwingine."

Langat, akiwa bado juu, ndiye aliyeanza kumpigia makofi. Kisha kilima kizima.

Miaka iliyofuata uvumi ulipita tena kwenye vilima vyetu, kama unavyojua hupita. Yeye hakufunga hata sufuria moja. Alizeeka pale, akazikwa pale, na kaburi tulilichimba sisi.

Basi, mwanangu, nawe umepata kipande chako cha ardhi na una michezo yako. Cheza, maana sikukatazi furaha. Ila jua kwamba sauti ya unachofanya haiishii kwenye ua wako. Kabla hujasema hapa ni kwangu, zunguka kwa barabara, pita langoni, uinamie kazi ya jirani yako akiwa hapo, usikie anachosikia. Ukigundua unamtisha, usikimbilie kujificha nyuma ya boma pia, kwa sababu atakusikia huko na hatakuona. Mweleze. Mwache akuwekee masharti, uyashike hata siku yanapokuaibisha mbele ya Langat wako. Utashangaa jinsi mtu aliyekuwa akifungasha mizigo anavyoweza kukufungulia lango.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe jicho la kulenga na moyo wa kusubiri, na popote utakapojenga, majirani zako wafurahi kusikia mlango wako ukifunguliwa asubuhi.