Mashimo ya Swichibodi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke. Mjukuu wangu wa kike ana kazi ya kuandikia kompyuta maelezo ya sanduku lenye matundu mengi ya waya. Anasema kiini cha kompyuta hakina macho. Kisipoandikiwa tundu hili linaenda wapi na lile wapi, kinadhani sanduku zima ni waya mmoja. Nikamwambia, kazi hiyo naijua, na ilinitoa jasho kabla mama yako hajazaliwa.

Miaka hiyo, baada ya uhuru, nilikuwa nakaa kwenye swichibodi ya shamba la majani chai, upande wa Litein, na mume wangu alikuwa kiwandani hapo hapo. Nilikuwa nimesoma kidogo tu, lakini kusoma karatasi nilijua. Swichibodi ni ubao wenye mashimo. Kila shimo lilikuwa na waya wake unaoenda kwenye simu moja: kiwandani, gereji, nyumba za mabwana, dispensari. Waya wa kutoka nje ulikuwa mmoja, wa Kericho, na dunia yote ilipitia hapo. Mtu akipiga, kifuniko kidogo cha shimo lake kinaanguka, naingiza kamba, nauliza, "Nikupe nani?" Halafu naingiza kamba ya pili kwenye shimo la huyo anayetakiwa.

Sasa, fundi aliyeufunga ubao ule alibandika karatasi ya mashimo, lakini hakuandika nyumba. Aliandika watu. Bwana wa Mashamba. Bwana wa Hesabu. Dresa. Huyo dresa ndiye mfunga vidonda wa dispensari. Wazungu wakaanza kuondoka, Waafrika wakapanda vyeo, na kila aliyepanda cheo alitaka nyumba kubwa zaidi. Walihama kama siafu! Mtu alibeba kitanda, kuku na bibi, simu akaiacha ukutani. Karatasi ya ubao nayo ilibaki vilevile.

Asubuhi moja kifuniko cha kiwanda kikaanguka. Karani wa kiwanda alikuwa anapiga kelele.

"Dresa! Nipe dresa haraka! Mtu ameshikwa mkono na rola ya kusaga majani!"

"Nani?"

"Mama, ni mzee wako."

Dispensari haikujibu, saa hiyo dresa alikuwa anakunywa chai nyumbani. Nikaingiza kamba kwenye shimo lililoandikwa Dresa, nikazungusha kengele. Ikapokewa na mama mmoja, sauti tamu kabisa.

"Dresa? Ai, dresa alihama wiki iliyopita. Hapa ni kwa bwana wa hesabu. Unamtaka?"

"Simtaki! Dresa alienda wapi?"

"Nasikia kwa bwana wa mashamba. Wewe ni nani, mbona unanikaripia asubuhi?"

Nikachomoa. Shimo la Bwana wa Mashamba likapokewa na mpishi wa klabu ya mabwana, naye kumbe amehamia humo, akaniambia bwana wa mashamba hajalala nyumba ile tangu mvua ya masika, na je, nilikuwa napiga juu ya nyama? Nyama! Mzee wangu anatoka damu na huyu ananiuliza nyama.

Nikaacha kusoma karatasi. Nikaanza juu kabisa, shimo kwa shimo: "Dresa yuko hapo? Hayuko? Kwaheri." Kifuniko cha kiwanda kilikuwa kinaanguka, nakiinua, kinaanguka tena. Nilimpata kwenye shimo lililoandikwa Wageni.

"Nyumba ya wageni niliipenda," akasema. "Ina veranda."

"Kimbia kiwandani, veranda utaikuta!"

Alikimbia, hilo simnyimi. Alimfunga mkono, wakampeleka Kericho kwa lori la majani. Mzee alirudi na vidole vitatu mkono wa kulia. Nilimuuliza dresa kama angefika mapema vile viwili vingepona. Akatazama viatu vyake, akasema hawezi kujua. Mpaka leo sijui.

Kesho yake baada ya kumuuliza dresa, nilimwendea karani mkuu, mwenye karatasi ile ya ubao.

"Andika nyumba," nikamwambia. "Nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, nyumba yenye mfereji. Usiandike watu."

"Mama, nyumba haipigi simu. Watu ndio wanapiga."

"Na waya umefungwa kwa mtu au kwa ukuta?"

"Wewe unataka kunifundisha?"

"Nataka unijibu."

Baada ya siku kadhaa alikuja mwenyewe na karatasi mpya, nyeupe, mwandiko mzuri kama wa cheti cha ndoa. Akaibandika, akasimama kando nimsifu. Nikasoma. Bwana wa Hesabu. Bwana wa Mashamba. Dresa. Watu tena! Ati sasa wako mahali pao sawasawa. Na nje, kupitia dirishani, nilikuwa naona trekta inavuta meza na godoro, mtu mwingine anahama.

Jioni nilifika laini, kwenye nyumba za wafanyakazi tulikokaa, nikamkuta mzee ananywa chai kwa mkono wa kushoto na watoto wamemzunguka. Nikawaambia wote wanisikie, pamoja na yeye:

"Mtu akiumia hapa, hakuna kungoja simu. Mkubwa wenu akimbie kwa dresa kwa miguu. Na kila Jumapili mkitoka kanisani mpite mlangoni kwake, mbishe hodi, mumwone kwa macho kama hajahama, ndipo mje kula."